Boti za faiba zimefika Mafia, kinga ya fundi bado

Fundi anayeziba boti ya faiba uwani kwake, iwe Kirongwe, Kilindoni au Chole, anashika vitu ambavyo babu yake hakuwahi kuvishika. Babu alikuwa na msumeno, tezo, keekee, pamba ya kukalafati na kopo la sifa. Mjukuu ana ndoo ya resini, kichupa cha hadina, kitambaa cha nyuzi za kioo na brashi. Kazi bado ni kuzuia maji yasiingie chomboni, lakini sasa kuna vitu vipya vinavyoingia mwilini mwa fundi.

Katika hotuba za uzinduzi wa boti za kisasa tunasikia habari za injini, vifaa vya kutafutia samaki na majokofu ya kuhifadhia. Hayo ni mambo mazuri na wavuvi wameyasubiri muda mrefu. Kinachotajwa kwa nadra ni siku ambayo boti hiyo itagonga mwamba, ipate ufa wa kiganja kimoja, na mtu aitwe aje kuuziba. Mtu huyo hufanya kazi akiwa kifua wazi, mikono mitupu, watoto wakimtazama.

Uchambuzi huu una jambo moja la kusema. Tumezoea kupima hatari kwa pua, na kwenye kazi ya resini pua inatudanganya. Wanaotuletea boti na resini, kuanzia serikali hadi muuza duka, hawajatuletea kipimo kingine.

Faiba imefikaje kwetu?

Tuanze na mbao. Mvule na mninga wa kujengea chombo ni adimu na ghali, na kwa sisi wa kisiwani mbao nyingi nzuri huvuka bahari kutoka bara zikiwa na vibali vya misitu. Mikoko, ambayo ndiyo imetoa mataruma ya vyombo vyetu tangu enzi, inalindwa kwa sheria. Fundi wa mashua leo hawezi kuingia mkokoni na shoka kama alivyofanya mzee wake.

Kisha ikaja sera. Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikikopesha boti za kisasa za faiba kwa vikundi, vyama vya ushirika na watu binafsi, kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa watu wa Ziwa Victoria. Zanzibar nayo, baada ya janga la Uviko, imegawa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Mwelekeo uko wazi: mbao inapungua, faiba inaongezeka.

Faiba ina sifa zake. Ni nyepesi, haiozi, haitobolewi na wadudu wa baharini, na haihitaji kukalafatiwa kila mara. Lakini kiwanda kilichoiunda kiko mbali, na mwamba uliopasua boti uko hapa. Hakuna mvuvi atakayeivusha boti hadi Nyamisati kwa ajili ya tundu dogo. Ataitafuta ndoo ya resini, na atamtafuta fundi wa jirani.

Resini haikuishia kwa mafundi boti. Seremala ameona kwenye simu meza zinazong'aa kama maji, zenye mto wa buluu katikati ya ubao, na anajua kuwa mwenye hoteli ya watalii anaweza kuipenda. Mwingine anaziba tangi la maji, mwingine kava la pikipiki. Kazi hizi hufanyika nyumbani, kwenye banda la makuti au chini ya mwembe. Hiyo ndiyo karakana ya Kirongwe, na ndiyo karakana ya vijiji vingi vya Pwani.

Ndoo mbili, hatari mbili

Hapa kila fundi asome taratibu, kwa sababu vitu viwili tofauti huitwa kwa jina moja la "resini".

Ya kwanza ni poliesta. Ndiyo inayotumika kwenye boti nyingi za faiba kwa sababu bei yake ni ya chini. Unaitambua kwa harufu kali, tamu kidogo, inayofika nyumba ya tatu. Harufu hiyo ni ya kemikali inayoitwa stairini. Hadina yake ni ya matone: kwa kawaida mililita 10 hadi 20 tu kwa lita moja ya resini.

Ya pili ni epoksi. Hii hushika vizuri zaidi kwenye mbao, ndiyo maana wajenzi wa boti za mbao nje ya nchi waliipenda. Ndugu wa familia ya Gougeon, katika mji wa Bay City nchini Marekani, walianza kujenga boti za mbao kwa epoksi mwaka 1969 na wakaieneza duniani. Epoksi huja katika makopo mawili, resini na hadina, na huchanganywa kwa vipimo vikubwa: mbili kwa moja, au tano kwa moja, kutegemea aina. Harufu yake ni ndogo. Nyingine hazinuki karibu kabisa.

Sasa angalia pua inavyotupotosha. Fundi akinusa poliesta, anasogea nyuma, anafungua mlango, anafunga kitambaa puani. Akishika epoksi, hanusi kitu, kwa hiyo anaikoroga kwa kijiti kifupi, inamwagikia vidoleni, anajifuta kwenye suruali na kuendelea. Epoksi ndiyo kwa kawaida humharibu fundi kupitia ngozi, kimyakimya, siku baada ya siku.

Hata kwa poliesta pua haitoshi. Ukikaa ndani ya mvuke wa stairini kwa muda, pua huzoea. Baada ya nusu saa unasema harufu imeisha, kumbe mvuke uko pale pale na wewe ndiye uliyeacha kuusikia.

Wazee wetu walizoeshwa kinyume chake. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, hunuka mtaa mzima lakini haikumlaza fundi. Deheni ya chokaa na shahamu ilichafua mikono na ikatoka kwa maji na mchanga. Kutokana na hayo tukajifunza kwamba kinachonuka ni kero tu, na kisichonuka ni salama. Somo hilo lilifaa kwa sifa na deheni. Kwa resini halifai.

Mwilini kunatokea nini?

Mvuke wa stairini huwasha macho na koo. Ukizidi, kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, huchoka na hutembea kama mlevi. Anayeuvuta kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na usikivu wa masikio na uwezo wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Sehemu ya ushahidi ilitokana na kufuatilia afya za wafanyakazi wa viwanda vya faiba, wakiwemo maelfu wa Denmark.

Epoksi ina njia yake. Ikigusa ngozi mara kwa mara kabla haijakauka, mwili unaweza kuanza kuikataa. Huu ndio mzio. Huja na upele unaowasha, ngozi kupasuka kati ya vidole, mikono kuvimba, pengine kope na uso pia. Unaweza kuja baada ya wiki chache au baada ya miaka ya kufanya kazi bila tatizo. Ukishaingia, hautoki. Tangu hapo tone dogo tu, au vumbi la msasa, linaweza kurudisha upele wote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa fundi wa epoksi msemo huu si fumbo: ile suruali anayofutia mikono ndiyo inayomla.

Hadina ya epoksi nayo huunguza ngozi na macho, na mvuke wake huwasha kifua, hasa mchanganyiko ukipata joto. Mtu mwenye pumu ajihadhari zaidi.

Kuna anayefikiri kwamba haya ni matatizo ya watu wasio na vifaa. Denmark hutengeneza mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo kwa kutumia epoksi. Ni nchi tajiri, ina wakaguzi, glavu na mitambo ya kuvuta hewa. Hata hivyo wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo wamepata mzio na kulazimika kuacha kazi waliyoijua. Ikiwa kiwanda cha Ulaya kimeshindwa kuwalinda wote, uwani kwetu tunahitaji uangalifu wa ziada.

Sheria inaishia wapi?

Tanzania haikukosa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga na amfundishe kuhusu hatari za kazi. Msimamizi wake ni OSHA. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, ambayo inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaomlipa mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Na Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi.

Ukizisoma zote utaona zimeandikwa zikimfikiria mtu mmoja: mfanyakazi mwenye mwajiri. Fundi wa uwani hana mwajiri. Leo anaziba boti ya kikundi, kesho ya mjomba wake, keshokutwa anamaliza meza ya mgeni. Hakuna anayemchangia WCF. Mkaguzi hana anwani ya karakana yake. Mikono ikivimba hadi ashindwe kushika brashi, hakuna fidia. Kuna familia tu, itakayopunguza chakula.

Kisiwa kinapoteza pia. Mafundi wanaojua faiba vizuri hapa Mafia si wengi. Mmoja akipata mzio katika umri wa miaka 25, tumempoteza kwa kazi hiyo kwa maisha yake yote. Boti zenyewe zimenunuliwa kwa mkopo. Boti isiyotengenezeka haivui, na isiyovua hailipi mkopo. Kwa hiyo glavu za fundi zina uhusiano wa moja kwa moja na marejesho ya benki.

Uwani si kiwandani

Nyumbani kuna hatari ambazo kiwandani hazipo. Ya kwanza ni moto. Mvuke wa stairini unashika moto, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye tumbo la boti na mabondeni. Weka pamoja banda la makuti, jiko la mkaa, sigara na ndoo ya poliesta iliyo wazi, na umetengeneza janga.

Ya pili ni watoto. Resini na hadina hugawanywa dukani kwa kumiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Anaona chupa ya maji. Ya tatu ni ndoo. Ndoo ya resini ikiisha inaonekana nzuri, imara, ina mfuniko. Inaoshwa na kuanza kuchota maji kisimani au kuhifadhia unga. Ndoo hiyo haisafishiki kiasi cha kutumika kwa chakula. Itobolewe isitumike tena kwa maji.

Ya nne ni nguo za kazi. Zikifuliwa kwenye beseni moja na nguo za mtoto, resini mbichi imehama kutoka kwa fundi hadi kwa familia. Mama mjamzito asikae karibu na kazi ya poliesta, na asipewe nguo hizo kufua.

Cha kufanya kuanzia kesho

Haya yanawezekana hapa hapa, bila kusubiri mkaguzi.

*Hewa kwanza.* Fanya kazi nje, mbali na dirisha la mtu na mbali na jiko. Jua upepo wa siku hiyo, kaskazi au kusi, na ujiweke upepo ukupige ubavuni. Ukiupa mgongo, hewa huzunguka mbele yako na kukurudishia mvuke usoni. Usilaze kichwa ndani ya tumbo la boti. Ikibidi kuingia, asiingie mtu peke yake: mwenzake abaki nje akimwangalia, na feni iwekwe nje ikisukuma hewa safi kuelekea ndani.

*Saa ya kazi.* Joto la mchana huongeza mvuke na huharakisha resini kukauka. Asubuhi mapema ni bora kwa mapafu na kwa ubora wa kazi.

*Barakoa sahihi.* Barakoa ya kitambaa, ile ya Uviko, na ile nyeupe ya vumbi hazizuii mvuke hata kidogo. Inayotakiwa ni ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kichujio cha viwango vya Ulaya kina mstari wa kahawia, cha Marekani kina mstari mweusi. Ukianza kunusa kemikali ukiwa umeivaa, ama haijakaa sawa ama kichujio kimekwisha. Baada ya kazi kihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu kikiachwa wazi huendelea kunyonya hewa na kuisha. Mwenye ndevu ajue kwamba barakoa haitashika vizuri usoni. Kwake hewa ya wazi ndiyo kinga kubwa.

*Mikono na macho.* Vaa glavu za naitraili, zile nyembamba ambazo mara nyingi ni za buluu. Glavu za kawaida za mpira hupenyeza kemikali haraka. Zikichafuka badilisha. Vaa shati la mikono mirefu, na miwani ya kinga kila unapomimina hadina.

*Kunawa.* Usinawe kwa thina, petroli wala asetoni. Vitu hivi huondoa mafuta ya ngozi na kuiingiza resini ndani zaidi. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha nawa kwa sabuni na maji mengi.

*Kipimo.* Aliyezoea poliesta hudhani kwamba epoksi nayo ikizidishiwa hadina itakauka haraka. Haikauki haraka, hubaki laini na yenye kemikali mbichi, na kazi inaharibika. Pima kama lebo inavyosema. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu epoksi nyingi ndani ya kopo moja huchemka, hutoa moshi na inaweza kuwaka. Ukiona kopo linapata moto, litoe nje na ulimwage kwenye mchanga, tabaka jembamba.

*Msasa.* Usipige msasa epoksi ya jana. Juu inaweza kuonekana kavu huku ndani bado ni mbichi, na vumbi lake hubeba mzio hadi kifuani. Ipe siku kadhaa kama lebo inavyoelekeza, kisha tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke.

*Hadina ya poliesta.* Hii ni kemikali kali kuliko ukubwa wa chupa yake. Baadhi ya wauzaji hutoa pia kichupa cha kobalti, kimiminika cha rangi ya zambarau au buluu. Hadina na kobalti visikutane moja kwa moja hata siku moja, vinaweza kulipuka. Kobalti huchanganywa kwanza kwenye resini, ikorogwe vizuri, ndipo hadina ifuate. Matambara yaliyoloa hadina yatie kwenye ndoo ya maji, usiyarundike bandani.

*Mabaki.* Resini iliyobaki iache igande kabisa kabla ya kuitupa mahali palipotengwa. Isimwagwe pwani. Kusini na mashariki ya kisiwa chetu kuna Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na samaki tunaowavua hukulia huko.

Ajali ikitokea

Hadina ikiruka jichoni, osha mara hiyo hiyo kwa maji safi yanayotiririka, jicho likiwa limefunguliwa, kwa dakika 15 au zaidi. Usianze kwa kutafuta pikipiki. Anza kwa maji, kisha nenda hospitali. Hadina ya poliesta inaweza kupofusha, na dakika za mwanzo ndizo zinazookoa jicho. Kwa hiyo kabla ya kufungua kichupa, hakikisha dumu la maji safi liko karibu.

Aliyelewa mvuke mtoe kwenye hewa safi, mlegeze nguo, na umpeleke kituo cha afya akishindwa kupata nafuu haraka au akipumua kwa shida. Mtoto akinywa resini au hadina, usimtapishe. Mpeleke kwa daktari pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aone ni kemikali gani. Ngozi ikianza kuwasha kila unapofanya kazi ya epoksi, mwambie mganga unatumia nini. Ukimwambia "nina upele" tu, utapewa dawa ya upele na kurudi kwenye ndoo ile ile.

Nani abebe mzigo?

Fundi ana wajibu wake, na orodha hiyo hapo juu ni yake. Lakini si haki kumwachia peke yake, kwa sababu si yeye aliyeamua kwamba Pwani ihame kutoka mbao kwenda faiba.

Kila boti inayotolewa kwa mkopo ingeweza kuja na mfuko wa matengenezo: resini kidogo, kitambaa cha nyuzi, glavu, miwani, barakoa yenye vichujio, na karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili. Ukilinganisha na bei ya injini, mfuko huo ni kitu kidogo sana. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wenye kampasi ya Mbegani pale Bagamoyo, ungeweza kuleta mafunzo mafupi visiwani badala ya kumngoja fundi mwenye familia avuke bahari kuyafuata.

Halmashauri nayo ina nafasi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kinachoomba fedha za karakana kiandike vifaa vya kinga kwenye andiko lake kama kinavyoandika jenereta na mashine ya msasa. Na afisa anayepitia andiko hilo aulize akiona havimo.

Muuza duka asimimine kemikali kwenye chupa ya maji bila kuandika jina lake kwa Kiswahili na kuweka alama ya hatari. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambavyo tayari vinajua kila chombo kilichopo mwaloni, vinaweza kununua barakoa mbili za pamoja na kuzitunza, zikaazimwa kila kunapokuwa na boti ya kuziba, huku kila fundi akiwa na vichujio vyake.

Mkutano wa kijiji ujao ukifikia ajenda ya uvuvi, kuna swali ambalo mtu yeyote anaweza kusimama na kuliuliza, awe mvuvi, fundi au mke wa fundi: boti zilizokuja, zitazibwa na nani, na amepewa nini cha kujikinga? Swali hilo likiandikwa kwenye muhtasari, mtendaji atatakiwa kurudi na jibu.